Kuwa Mwalimu wa Elimu Maalum Nchini Kenya: Mwongozo kwa Walio Kisumu, Nakuru na Magharibi

Wengi wanaotaka kufundisha watoto wenye mahitaji maalum huanza kwa kuuliza chuo. Anza na ngazi: unataka kufundisha chekechea, msingi au upili? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua alama za KCSE utakazohitaji, chuo, aina ya cheti, na mwishowe jinsi Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) itakavyokusajili. Kuna watu wenye moyo na kipaji ambao wamekaa nyumbani miaka na diploma nzuri ya elimu maalum mkononi, kwa sababu walianza na paa kabla ya kuta. Katika nchi hii elimu maalum hujengwa juu ya ualimu wa kawaida. Ukilishika hilo mapema utajiokolea karo na miaka.

Sheria inasema nini

Sheria ya TSC ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa. Haibagui shule ya serikali na ya binafsi, wala shule ya kawaida na shule maalum. Kwa hiyo hata kituo kidogo cha watoto wenye usonji mtaani Milimani, Kisumu, kikikuandika kazi kama mwalimu, unapaswa kuwa na nambari ya TSC. Cheti kifupi cha miezi michache kuhusu usonji au lugha ya ishara ni kitu kizuri kuwa nacho, na kwa mlezi wa bweni au msaidizi wa darasani kinaweza kutosha. Chenyewe peke yake hakikupi nambari hiyo.

Hatua ya kwanza: chagua ngazi na upime alama zako

Kwa shule ya msingi, msingi wako ni Diploma ya Ualimu wa Shule za Msingi, ambayo wengi huiita DPTE. Ndiyo iliyochukua nafasi ya cheti cha P1 baada ya mtaala wa umilisi kuingia. Ni masomo ya miaka mitatu, na mtihani husimamiwa na Baraza la Mitihani, KNEC. Mlango wa kuingilia ni wastani wa C katika KCSE. Mtahiniwa mwenye ulemavu hukubaliwa kwa C-. Ikiwa una P1 ya zamani na tayari umesajiliwa, huhitaji kurudi mwanzo. P1 yako bado ni ukuta wa kujengea elimu maalum.

Kwa chekechea kuna diploma yake, DECTE. Jua tu kwamba mwajiri wa walimu wa chekechea ni serikali ya kaunti, ingawa usajili bado ni wa TSC. Wanaongojea tangazo la TSC kwa ngazi hiyo hungoja mahali pasipo pao. Matangazo hutoka kwa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti.

Kwa upili, utahitaji wastani wa C+ katika KCSE na C+ katika kila somo kati ya masomo mawili utakayofundisha, kisha digrii ya ualimu. Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hutokea. Digrii ya elimu maalum isiyo na masomo mawili ya kufundishia yaliyo kamili inaweza kukuacha ukiwa na cheti cha chuo kikuu na huna mahali pa kusimama katika shule ya upili. Kabla ya kukubali nafasi, chukua orodha ya kozi za miaka yote minne, uhesabu vipindi vya kila somo, na ulinganishe na cheti chako cha KCSE. Ulipata C+ ya Kiswahili na C ya Historia? Basi usijiandikishe kwa Kiswahili na Historia ukitumaini mambo yatajipa. Hayatajipa.

Kama alama zako hazifiki unapotaka, kuna kurudia KCSE kama mtahiniwa wa binafsi, au kushuka ngazi moja na kupanda baadaye kazini. Njia ya pili imewafikisha walimu wengi hadi digrii na uzamili.

Hatua ya pili: pa kusomea

Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, ndiyo mama wa mafunzo haya. Ilianzishwa mwaka 1986 na iko Kasarani, Nairobi. Inatoa diploma ya elimu maalum kwa wanafunzi wa muda wote na pia kwa walimu walio kazini, ambao husoma kwa masafa na kuhudhuria vikao vya ana kwa ana wakati shule zimefungwa: Aprili, Agosti na Disemba. Kwa mwalimu wa Bungoma au Njoro ambaye tayari ana mshahara na familia, hii ya likizo ndiyo inayobebeka. Bei yake ni kwamba likizo zako zote za kipindi hicho zimekwisha, na kazi za kuandika huangukia katikati ya muhula, wakati wa kusahihisha mitihani. Anayejiandikisha bila kukubaliana na watu wa nyumbani huishia kuahirisha kikao, na kikao kilichoahirishwa husukuma mtihani mbele.

Kwa digrii, walio upande wa Nyanza na Magharibi wana Chuo Kikuu cha Maseno, kilicho kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, ambacho idara yake ya elimu maalum ina jina la muda mrefu. Chuo Kikuu cha Kenyatta ndicho kingine chenye historia ndefu katika taaluma hii. Kwa DPTE vyuo vya karibu ni kama Eregi huko Kakamega, Asumbi huko Homa Bay, na Kericho kwa wanaotoka upande wa Nakuru.

Anayemaliza shule leo aombe nafasi kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Mwalimu aliye kazini aombe moja kwa moja kwa chuo.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, fanya mambo mawili. Thibitisha kwamba chuo kimesajiliwa na kwamba diploma yake inatahiniwa na KNEC; ikiwa ni chuo kikuu, kiwe na idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kisha nenda ofisi ya mkurugenzi wa TSC wa kaunti yako ukiwa na nakala ya cheti cha KCSE na barua ya kozi, uulize swali moja tu: nikimaliza kozi hii, nitasajiliwa kama mwalimu wa ngazi gani? Ofisi hizo zipo katika kila kaunti. Ukipewa jibu la mdomo, omba uonyeshwe mwongozo wa usajili wenyewe. Swali hili la dakika kumi lina thamani kuliko ushauri wa marafiki kumi.

Aliye kazini ana jambo la ziada. Ukitaka kusoma kwa muda wote, omba ruhusa ya masomo na upate barua ya TSC kabla ya kuondoka shuleni. Kukubaliwa na mwalimu mkuu kwa mdomo si ruhusa. Kwa kanuni za TSC, kukosekana kazini siku 14 mfululizo bila idhini ni utoro wa kazi, na kesi ya nidhamu inaweza kukukuta ukiwa darasani Kasarani.

Hatua ya tatu: chagua eneo la ulemavu

Chuoni utasoma kidogo kuhusu kila eneo, kisha utaombwa kuchagua la kubobea: uziwi, upofu na uoni hafifu, ulemavu wa akili, ulemavu wa viungo, uziwi na upofu kwa pamoja, usonji, matatizo ya kujifunza kama ya kusoma na kuhesabu, au matatizo ya kihisia na tabia. Watoto wenye vipawa vya hali ya juu nao wamo katika elimu maalum, jambo ambalo wengi hawalijui.

Usichague kwa kusikia. Kabla ya fomu ya uchaguzi kufika, omba ruhusa ya kukaa siku kadhaa katika shule mbili za aina tofauti. Eneo letu limejaliwa: Kibos kwa wasioona, pale Kisumu; St. Oda huko Aluor, Siaya, pia kwa wasioona. Joyland mjini Kisumu kwa wenye ulemavu wa viungo. Shule za viziwi za Maseno, Mumias na Nyangoma. Ngala kwa viziwi, jijini Nakuru. Nalondo huko Bungoma kwa ulemavu wa viungo. Nenda na barua ya chuo au ya mwalimu mkuu wako, na uombe kuona asubuhi yote tangu bweni hadi darasani. Kazi ya shule maalum ya bweni haiishii kengele ya saa kumi.

Jiulize pia ni nini kinahitajika mahali unapotaka kuishi. Kitengo maalum kilicho ndani ya shule ya msingi ya kijijini kwa kawaida hupokea watoto wenye ulemavu wa akili na wenye mtindio wa ubongo, mara nyingi wote katika chumba kimoja. Mwalimu aliyebobea uziwi pekee atapata shida hapo. Aliyebobea ulemavu wa akili atapata watoto karibu kila kaunti ndogo. Kwa maoni yetu, kwa anayetaka kufundisha karibu na kwao, eneo hilo ndilo lenye nafasi nyingi na walimu wachache waliojiandaa kweli.

Hatua ya nne: ujuzi wa mikono

Hapa tukae kidogo, maana cheti hufungua mlango lakini watoto hawafundishwi kwa cheti.

*Breli.* Kila herufi hukaa katika kisanduku cha nukta sita, safu mbili za nukta tatu. Kushoto, kutoka juu kwenda chini, ni 1, 2, 3. Kulia ni 4, 5, 6. Jifunze herufi kumi za kwanza, a hadi j, mpaka zikae mkononi: a ni nukta 1, b ni 1 na 2, c ni 1 na 4. Ukizijua hizo, k hadi t ni zilezile zikiongezwa nukta 3, na u, v, x, y, z ni a hadi e zikiongezwa 3 na 6. Herufi w pekee hukaa nje ya mpango (2, 4, 5, 6), kwa kuwa ilipangwa baadaye. Tarakimu ni a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba, nukta 3, 4, 5, 6.

Kwenye mashine ya Perkins kidole cha shahada cha kushoto hubonyeza 1, cha kati 2, cha pete 3. Upande wa kulia vivyo hivyo kwa 4, 5 na 6. Nukta za herufi moja hubonyezwa kwa pamoja. Anayebonyeza moja baada ya nyingine hupata herufi mbili badala ya moja, na hilo ndilo kosa la kwanza la kila mwanagenzi. Kwenye kibao na kalamu ya kutobolea mambo hugeuka: unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa kinyume, ili karatasi ikigeuzwa isomeke kutoka kushoto. Tumia karatasi nzito. Ya daftari huchanika au nukta hulala baada ya kuguswa mara chache. Fanya mazoezi dakika 30 kila siku. Anayeacha mpaka wiki ya mtihani hufaulu karatasi na kuishiwa na maneno mbele ya mtoto.

*Lugha ya Ishara ya Kenya.* Hii ni lugha kamili yenye sarufi yake. Kuonyesha kidole kwa kila neno la Kiswahili si lugha ya ishara. Ishara moja hubeba mambo matano: umbo la mkono, mahali, mwendo, uelekeo wa kiganja, na sura ya uso. Ukikosea moja, maana hubadilika au hupotea. Wanafunzi wengi wanaosikia hufaulu mikono na kusahau uso, na matokeo yake swali huonekana kama taarifa. Kozi ya darasani itakupa msingi. Ufasaha utaupata kwa viziwi wenyewe. Tafuta kanisa lenye ibada ya viziwi au chama cha viziwi mjini kwako, uende kila wiki. Utakuta pia kwamba baadhi ya ishara za Kisumu zinatofautiana na za Mombasa, kwa hiyo zijue zinazotumiwa na watoto utakaowafundisha. Katika mitihani ya kitaifa mtahiniwa kiziwi hufanya Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili. Mwalimu asiyeijua vizuri humnyima mtoto somo zima.

*Mpango wa mtoto mmoja mmoja.* Walimu huuita IEP. Chini ya mtaala wa sasa mtoto anaweza kufuata njia ya umri, yaani gredi za kawaida zilizorekebishwa, au njia ya hatua, yaani ngazi ya msingi, ya kati, ya matayarisho ya ufundi na ya ufundi. Kwa njia zote mbili unatakiwa kuwa na mpango ulioandikwa: mtoto anaweza nini leo, lengo la mwaka, malengo madogo, vifaa, nani anahusika, tarehe ya kuanza na ya kupitia upya. Wazazi washirikishwe tangu mwanzo na waweke sahihi.

Kosa sugu ni lengo lisilopimika. "Juma ataboresha kujitegemea" ni maneno matupu. Andika hivi: "Kufikia wiki ya sita, Juma atafunga vifungo vinne vya shati lake bila kushikwa mkono, mara 4 kati ya 5." Sasa mwalimu yeyote akiingia darasani anaweza kuona kama limefikiwa.

*Kuvunja kazi vipande.* Kunawa mikono kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili si kazi moja. Ni kufungua mfereji, kulowesha mikono, kuchukua sabuni, kusugua viganja, kusugua nyuma ya mikono, kusuuza, kufunga mfereji, kupangusa. Mara nyingi hufaa kuanza na kipande cha mwisho. Msaidie katika vyote, kisha umwache apanguse mwenyewe. Akimudu, mwachie kufunga mfereji na kupangusa. Hivyo kila mara mtoto humaliza kazi kwa mkono wake na huonja ushindi. Pale mfereji ni mtungi wenye kibomba au kibuyu chirizi, vunja kazi kwa kifaa kilichopo, la sivyo mtoto atajifunza kitu asichokikuta nyumbani.

*Mengineyo.* Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo jifunze kumkalisha: nyayo zote zikanyage chini au kwenye kibao, magoti na nyonga zikunjike kama pembe mraba, meza ifike kwenye viwiko. Mtoto anayeteleza kwenye kiti hutumia nguvu zake zote kutoanguka, hana za kuandikia. Mbele ya viziwi usisimame na dirisha mgongoni, uso wako utakuwa kivuli. Mtoto mwenye ualbino umkalishe mbele na mbali na mwanga mkali, na kofia iwe sehemu ya sare. Na mtoto akishikwa na kifafa: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Mshtuko ukizidi dakika 5, ni hospitali.

Hatua ya tano: mazoezi ya kufundisha

Omba shule ya mazoezi inayolingana na eneo lako la kubobea. Wengine hukimbilia shule ya kawaida iliyo karibu na nyumbani kwa sababu ya nauli, halafu mkaguzi kutoka chuoni akifika hakuna mtoto wa kumwonyesha. Uwe na faili yenye andalio la somo la kila siku, maazimio ya kazi, IEP za angalau watoto wachache, na kumbukumbu ya maendeleo yao. Andalio la somo la elimu maalum huonyesha kila mtoto atafanya nini tofauti. Andalio moja kwa darasa zima ndilo linalowapunguzia wanafunzi alama mara nyingi.

Tembelea pia kituo cha tathmini cha EARC cha eneo lako. Vituo hivi vilianza mwaka 1984, na ndivyo vinavyopima watoto na kushauri wapelekwe wapi. Jua namna ya kumpeleka mtoto huko, fomu zipi hujazwa, na ripoti husomwaje. Mtoto anayeonekana "mjinga" darasani wakati mwingine ana nta masikioni au anahitaji miwani tu, na bila tathmini atapachikwa jina litakalomfuata miaka.

Hatua ya sita: usajili wa TSC

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya TSC. Usianze kujaza mpaka karatasi zote ziwe mkononi:

1. Kitambulisho cha taifa na PIN ya KRA.
2. Cheti cha KCSE na vyeti vyote vya ualimu, pamoja na transkripti.
3. Picha ya pasipoti ya rangi.
4. Cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi, DCI.
5. Fomu ya afya, GP69, iliyojazwa, kutiwa sahihi na kupigwa muhuri na daktari.
6. Malipo ya ada ya usajili. Kwa muda mrefu imekuwa shilingi 1,055.

Anza na cheti cha maadili mema, maana ndicho kinachochelewa. Omba kupitia eCitizen na ulipe. Ada yake imekuwa shilingi 1,050. Chapisha fomu ya alama za vidole, C24, pande zote mbili za karatasi moja ya A4. Ukichapisha kwenye karatasi mbili utarudishwa, na katika saiba nyingi hawakuulizi, wanachapisha tu. Beba risiti ya malipo na kitambulisho, upeleke vidole vyako Huduma Centre. Kisumu, Nakuru na Kakamega zote zina huduma hiyo. Nenda na mikono safi isiyo na mafuta. Wanaotoka shambani au kwenye kazi ya simenti wapumzishe mikono siku chache, kwa sababu alama zilizochakaa hazisomeki na maombi hurudi mwanzo.

Fomu ya GP69 ipeleke hospitali ya umma. Kagua mwenyewe kabla ya kutoka mlangoni: sahihi ipo? Muhuri upo? Tarehe ipo? Kila sehemu imejazwa? Sehemu moja iliyoachwa wazi inatosha kukurudisha.

Changanua vyeti halisi, si nakala ya nakala. Kila kurasa isomeke, pembe zote nne zionekane, na faili ipewe jina linaloeleweka. Picha iliyopigwa kwa simu chini ya taa ya jikoni, na kivuli cha mkono juu yake, ndiyo sababu ya maombi mengi kukwama.

Majina ni mtego mwingine. Cheti cha KCSE kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, digrii ina jina la mume. Kama ni mpangilio tu au jina limeachwa, kiapo cha wakili hutosha mara nyingi. Kama jina limebadilika kabisa, fanya hati rasmi ya kubadili jina kabla ya kuomba. Tatua hili ukiwa bado chuoni, ili diploma itoke na jina lile lile la kitambulisho. Cheti cha KCSE kikipotea, KNEC hupokea maombi kwa mtandao, na ni shughuli inayochukua muda.

Aliyesajiliwa tayari kwa P1 au digrii ya kawaida hapewi nambari mpya akimaliza elimu maalum. Nambari ni ileile. Kazi yako ni kuwasilisha cheti kipya ili kiingie kwenye rekodi zako. Wengi hukiweka sandukuni, halafu nafasi ya elimu maalum ikitangazwa kompyuta haiwatambui.

Waliosoma ng'ambo ya mpaka

Kwa watu wa Busia na Malaba, Kampala iko karibu kuliko Nairobi moyoni, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kina sifa nzuri katika elimu maalum. Hakuna ubaya kusoma huko. Ila vyeti vya kigeni lazima vilinganishwe: vya sekondari hupelekwa KNEC, vya chuo hupelekwa mamlaka ya sifa za kitaifa, KNQA. Fanya hivyo kabla ya kugusa tovuti ya TSC, na uwe na transkripti kamili, si barua ya kuhitimu tu. Na sharti la alama za sekondari bado linakufuata. Digrii ya ng'ambo haifuti D ya KCSE.

Kupata kazi

TSC hutangaza nafasi kwenye tovuti yake na magazetini, na nafasi za elimu maalum wakati mwingine hutajwa peke yake kwa eneo la ulemavu. Soma tangazo lote. Umri kwa kawaida usizidi miaka 45. Ukiwa na ulemavu wewe mwenyewe, uwe umesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na uambatishe kadi. Nakala ya ripoti ya daktari peke yake haitambuliwi.

Wakati unangoja, shule maalum nyingi huajiri kupitia bodi ya usimamizi. Malipo ni madogo, na hilo linauma kwa kazi nzito kiasi hiki. Hata hivyo omba barua ya ajira yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na utunze rekodi za watoto uliowafundisha. Kwenye mahojiano zitasema zaidi ya maneno yako.

Ukiajiriwa na kupelekwa shule maalum au kitengo, kuna posho ya shule maalum kwa mwalimu aliyesomea na anayefundisha huko kweli. Haiji yenyewe kila mara. Peleka cheti chako cha elimu maalum, barua ya kupangiwa kazi, na barua ya mwalimu mkuu inayoonyesha tarehe uliyoanza kufundisha watoto hao, kwa ofisi ya TSC ya kaunti ndogo. Ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kagua hati ya mshahara ya mwezi unaofuata, na ya mwezi wa pili. Isipoonekana, rudi na nakala yenye muhuri. Chama cha walimu wa elimu maalum, KUSNET, nacho hufuatilia kesi kama hizo, lakini kitakuuliza karatasi hizohizo. Na ukihamishwa kutoka kitengo kwenda darasa la kawaida, ijulishe ofisi siku hiyo, kwa kuwa posho iliyoendelea kulipwa kimakosa hukatwa baadaye yote kwa pamoja.